Bima ya Afya kwa Mgonjwa wa Kisukari: Tuipime kwa Kipimo Gani?

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo tumeikariri tangu shule ya msingi na kuiandikia insha nyingi. Hata hivyo, iko hali moja ambayo methali hiyo haikuigusia: mgonjwa anayeyataja maradhi yake kwa uaminifu, kisha akaambiwa kwamba kwa sababu ya maradhi hayo hayo hatalipiwa. Hali hiyo ndiyo iliyomkuta shangazi yangu, mkulima wa mahindi wa Rongai, nayo ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya katika jarida la chama chetu badala ya uhakiki wa riwaya niliokuwa nimewaahidi wahariri.

Rongai ninayoizungumzia ni ile ya Kaunti ya Nakuru, iliyo kwenye reli ya kuelekea Eldoret na barabara ya Eldama Ravine. Si Ongata Rongai ya Kajiado, ambayo wengi huifikiria mara wasikiapo jina hilo. Ni nchi ya mahindi na maharagwe, ya mashamba ya mkonge upande wa Mogotio, na ya madereva wa malori wanaotua Salgaa kupumzika. Wakazi wake ni wa makabila mbalimbali, na lugha inayowakutanisha sokoni, kwenye matatu na katika foleni ya zahanati ni Kiswahili. Mshahara wa mwisho wa mwezi ni wa wachache. Walio wengi huona fedha za maana pale tu mavuno yanapouzwa. Mambo haya mawili, yaani lugha ya watu na majira ya fedha zao, ningependa msomaji ayashike, kwa maana tutayarejea.

Shangazi aligunduliwa kuwa na kisukari miaka michache iliyopita. Baada ya mavuno ya mwaka mmoja, wakala wa kampuni ya bima, ambayo sitaitaja, alimfikia nyumbani. Alimweleza kwa Kiswahili kitamu kwamba kwa malipo ya mara moja kwa mwaka angekuwa na kinga ya matibabu ya hadi shilingi milioni 1. Shangazi hakuficha kitu. Alisema ana sukari, na wakala akaliandika jambo hilo kwenye fomu. Magunia yakauzwa, malipo yakatolewa, kadi ikaja. Mwezi wa pili alipanda matatu hadi mjini Nakuru kupimwa na kuchukua dawa. Kadi ikarudishwa dirishani. Aliambiwa, kwanza, kwamba bima aliyoinunua ilikuwa ya kulazwa tu; na pili, kwamba hata kama angelazwa kwa sababu ya sukari, asingelipiwa mpaka mwaka mzima upite.

Jioni hiyo alinipigia simu. "Mwanangu, wewe si ndiye unayesomea lugha? Njoo unisomee hiki kitabu chao."

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. "Kitabu" kilikuwa hati ya kurasa nyingi za Kiingereza zenye herufi ndogo. Nilipokisoma niligundua jambo lililoniuma zaidi kuliko kama ningegundua wizi: kila alilokataliwa Shangazi lilikuwa limeandikwa humo. Hakuna aliyeuvunja mkataba. Basi nikafungua kinywa nimweleze kwa Kiswahili, na maneno yakanikwama. Mimi niliyeweza kuainisha viambishi vya kitenzi chochote, na kutaja bahari za ushairi moja baada ya nyingine, sikuweza kumwambia shangazi yangu kwa lugha anayoielewa kwa nini kadi yake haikufaa kitu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizwa na jamaa na majirani ni bima ipi bora kwa mwenye kisukari. Maoni yangu ni kwamba swali hilo halijibiki kwa kulinganisha bei, wala kwa kulinganisha ukubwa wa fedha zinazotangazwa. Bima ya mgonjwa wa kisukari yapaswa kupimwa kwa siku ya kawaida, si kwa siku ya msiba. Na kwa kuwa kipimo hicho kimo ndani ya maneno ya mkataba, sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tuna deni ambalo hatujaanza kulilipa.

Maradhi ya kila siku

Tuanze na maradhi yenyewe. Jina lake lina funzo: ki- ya kisukari ni ile ile ya kifafa, kichocho na kipindupindu. Lakini kipindupindu humjia mtu kwa kishindo, kikamwacha au kikamchukua katika muda wa siku chache. Kisukari hakifanyi hivyo. Ni mgeni asiyeondoka. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza huhitaji insulini kila siku ya maisha yake, kwa maana mwili wake hautengenezi insulini ya kumtosha. Mwenye kisukari cha aina ya pili aghalabu huanza kwa vidonge kama vile metformini, pamoja na kuangalia chakula na kuushughulisha mwili, na huenda akahitaji insulini baadaye.

Hebu tuuhesabu mwaka wa mgonjwa wa namna hii akiwa mzima wa kutosha kulima na kuuza. Anahitaji dawa siku zote 365. Anahitaji vijikaratasi vya kupimia sukari nyumbani, na idadi yake ni kubwa iwapo anatumia insulini. Anahitaji kipimo cha maabara kinachoonyesha wastani wa sukari wa takribani miezi mitatu, mara mbili kwa mwaka au zaidi. Anahitaji macho yachunguzwe, figo zipimwe, miguu ikaguliwe na shinikizo la damu liangaliwe. Katika orodha yote hiyo hakuna hata jambo moja linalomlazimu kulala hospitalini. Gharama za kisukari kilichodhibitiwa vyema ni za kuingia na kutoka: ndogo ndogo, lakini zisizokoma. Ndo! ndo! ndo! hujaza ndoo, nazo hizi huikausha ndoo kwa tone tone.

Sasa tuitazame bima kama inavyonadiwa. Matangazo hutaja milioni: milioni 1, milioni 2, milioni 5. Aghalabu takwimu hiyo ni ya kulazwa. Matibabu ya kuingia na kutoka huwa ni nyongeza inayolipiwa kando, nayo huwa na ukomo wake mdogo. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari hununua mwavuli mkubwa wa mvua ya mawe, ilhali kinachomlowesha kila asubuhi ni manyunyu.

Yuko atakayenijibu kwamba kampuni za bima haziwezi kulaumiwa, kwa kuwa bima asilani ni kinga dhidi ya jambo lisilojulikana. Nyumba inayoungua haikatiwi bima ya moto. Iwapo kampuni itampokea kila aliyekwisha kuugua bila masharti, wazima watajiondoa, wagonjwa watabaki, na hazina itakauka. Hoja hii ina uzito, na si haki kuipuuza. Lakini tukiikubali hoja hiyo, yatupasa kukubali pia matokeo yake: kwamba bima ya mtu binafsi, inayouzwa kwa hiari, haiwezi kuwa kimbilio la kwanza la mwenye kisukari. Kimbilio lake ni pale ambapo wazima na wagonjwa wamewekwa katika kapu moja kabla ya kuulizwa nani ana nini.

Milango mitatu

Kwa mtu wa Rongai milango ya bima ni mitatu, na kila mmoja una kizingiti chake.

Mlango wa kwanza ni wa umma. Kenya ilianzisha Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, iliyojulikana kwa ufupi kama NHIF, mnamo 1966. Kuanzia 2015 mtu asiye na ajira rasmi alilipa shilingi 500 kwa mwezi. Hazina hiyo ilivunjwa kufuatia Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikaanza kazi. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato mengine, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa hiyo mwalimu wa mshahara wa shilingi 50,000, aliyekuwa akilipa 1,200 chini ya NHIF, chini ya mpango huo mpya hulipa 1,375. Naye mfanyakazi wa shilingi 10,000, aliyekuwa akilipa 400, hulipa 300.

Uzuri wa mlango huu kwa mwenye kisukari ni mkubwa mno, ingawa hautangazwi ipasavyo: hakuna anayemfukuza au kumwongezea mchango kwa sababu ya sukari yake. Kapu ni moja. Aidha, sheria ya 2023 iliunda hazina tatu. Hazina ya Afya ya Msingi hulipia huduma za zahanati na vituo vya afya kwa aliyejisajili. Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii hulipia huduma za hospitali, kulazwa kukiwamo, kwa aliyelipa mchango. Hazina ya tatu ni ya dharura, maradhi sugu na maradhi mahututi, nayo kwa upande wa maradhi sugu huingia baada ya kiwango cha hazina ya pili kumalizika.

Ubaya wake nao tuutaje bila kupepesa macho. Kwanza, katika viwango vilivyotangazwa mnamo 2024, huduma za kuingia na kutoka katika ngazi ya chini zilitengewa shilingi 900 kwa mtu mmoja kwa mwaka, ambazo ni shilingi 75 kwa mwezi. Ni kweli kwamba huo ni wastani wa wazima na wagonjwa, na ya kwamba asiyeugua humwachia anayeugua. Hata hivyo, zahanati yenye wagonjwa wengi wa sukari hulemewa upesi; na rafu ya dawa ikiwa tupu, mgonjwa huandikiwa karatasi akanunue dukani kwa fedha zake. Katika viwango hivyo hivyo, kusafishwa damu mara moja kwa mgonjwa wa figo kulitengewa shilingi 10,650. Kisukari kisichodhibitiwa ni miongoni mwa visababishi vikuu vya kufa kwa figo. Ninaziweka takwimu hizi mbili bega kwa bega, si kwa kumwonea kijicho mgonjwa wa figo, bali kwa kuwa zinaonyesha jinsi hata mpango wa umma ulivyo mwepesi wa kuujenga ukuta na mzito wa kuuziba ufa.

Pili, mchango wa asiye na mshahara hukadiriwa kwa kupima uwezo wa kaya: huulizwa kuhusu nyumba, maji, choo, nishati ya kupikia na mengineyo, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima. Kwa mkulima wa Rongai swali si kiasi tu, ni majira pia. Mwezi wa Desemba, mahindi yakiwa yameuzwa, huenda akaumudu mwaka mzima. Mwezi wa Aprili, mbegu na mbolea zikiwa zimemaliza akiba, hana hata ya mwezi mmoja. Mnamo 2025 serikali ilianzisha mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambapo mtu hukopeshwa mchango wa mwaka akaulipa kidogo kidogo. Ni hatua njema, lakini deni ni deni. Tatu, hospitali hazina budi kulipwa ili zihudumu. Februari 2025 chama cha hospitali za binafsi za mijini na mashambani kilitangaza kusitisha huduma za SHA kwa wasiolipa taslimu, kikilalamikia madeni. Kadi isiyopokewa ni karatasi tu.

Mlango wa pili ni bima ya kikundi, ile anayoipata mtu kwa mwajiri au, nyakati nyingine, kwa chama cha ushirika au cha akiba na mikopo. Huu nao ni kapu la wazima na wagonjwa, na kwa sababu hiyo mara nyingi hupokea maradhi yaliyotangulia bila kumngojesha mtu mwaka. Mwenye nafasi ya kuingia katika mlango huu asiipuuze, hata kama kinga yake inaonekana ndogo. Kizingiti chake ni kwamba hufungwa kazi ikiisha. Anayestaafu akiwa na miaka 60 na kisukari cha miaka kumi hujikuta nje wakati ule hasa anapouhitaji mlango.

Mlango wa tatu ni bima ya mtu binafsi. Hapa Kenya kampuni ni nyingi: Jubilee, AAR, Britam, CIC, APA, Madison na nyinginezo, zote zikiwa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Sitazipanga kwa ubora, kwa sababu mbili. Kampuni moja huwa na bidhaa kadhaa zenye masharti tofauti, na masharti hayo hubadilika mwaka hadi mwaka. Atakayekariri orodha ya mwaka jana atampotosha jirani yake. Lililo muhimu ni kuwa na maswali yasiyobadilika, ambayo mtu aweza kuyauliza katika ofisi yoyote.

Maswali matano

Swali la kwanza ni hili: je, mkataba unasemaje kuhusu maradhi niliyo nayo tayari? Ziko bima zinazoyakataa kabisa, ziko zinazomngojesha mtu kwa muda maalumu, na ziko zinazoyapokea kwa kuongeza malipo. Swali la pili: iwapo natakiwa kungoja, nitangoja miezi mingapi, na je, nikichelewa kulipa kwa wiki moja, hesabu ya kungoja inaanza upya? Sehemu hii ya pili ya swali watu huisahau, nayo ndiyo humrudisha mtu mwanzoni mwa safari.

Swali la tatu: ndani ya ile milioni inayotangazwa, ni kiasi gani hasa kinachoweza kutumika kwa maradhi sugu? Si ajabu kukuta kwamba mfuko mkubwa una kifuko kidogo ndani yake, na kwamba kisukari, shinikizo la damu na pumu vyote vimesukumwa katika kifuko hicho. Swali la nne: je, matibabu ya kuingia na kutoka yamo, na kama yamo, yanagusa insulini, sindano, vijikaratasi vya kupimia na vipimo vya maabara, au yanaishia kwa kumwona daktari tu? Swali la tano: ni hospitali gani za karibu zinazoipokea kadi hii, na je, nitalipa chochote mlangoni kila ninapokwenda? Kwa mtu wa Rongai, kadi inayopokewa Nairobi pekee ni kadi ya nauli.

Kwa maswali haya tunaweza kufanya hesabu ambayo matangazo hayaifanyi. Mtu achukue malipo ya bima ya mwaka, aongeze gharama za sukari ambazo bima hiyo haitalipa, kisha alinganishe jumla hiyo na bima nyingine iliyohesabiwa vivyo hivyo. Si nadra bima iliyoonekana rahisi ikawa ghali, na ile iliyoonekana ghali ikawa na unafuu. Kwa maoni yangu, mgonjwa wa kisukari asiye na mwajiri asiruhusu mchango wake wa umma ukatike, hata akiwa na malalamiko. Bima ya binafsi aichukue kama nyongeza, baada ya kujibiwa maswali yote matano kwa maandishi. Wala asijaribu kuficha maradhi yake ili apokewe haraka. Mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu wa pande zote mbili, na aliyeficha huweza kunyimwa malipo siku ile anapoyahitaji zaidi. Hapo methali ya wahenga hurudi na ukali wake wote.

Lugha ya kunadia na lugha ya kufunga

Sasa nirejee kwa deni letu. Maswali matano hayamfai mtu iwapo majibu yake yamo katika lugha asiyoisoma. Tazama majina ya mipango ya afya tuliyowahi kuwa nayo nchini: Linda Mama, Supa Cover, EduAfya, Taifa Care. Aghalabu Kiswahili kimo, kizima au nusu. Kiswahili ndicho lugha ya kunadia: kimo kwenye mabango, redioni na kinywani mwa wakala. Lakini hati nilizopata kuziona, zile zinazomfunga mtu, zote zilikuwa za Kiingereza. Anayeuza huzungumza lugha ya mnunuzi mpaka pale fedha zinapotoka mfukoni. Baada ya hapo mnunuzi ndiye anayetakiwa kuijua lugha ya muuzaji.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike nazo kikamilifu. Vifungu hivi vitatu tumezoea kuvisoma mbalimbali: cha kwanza katika darasa la isimujamii, cha pili kwa wanaharakati wa afya, cha tatu kwa mawakili. Shangazi anavihitaji vyote vitatu kwa pamoja, katika karatasi moja.

Mtu asiniambie kwamba Kiswahili hakina uwezo. Neno bima lenyewe lilitufikia kupitia Bahari ya Hindi kutoka Uajemi na Bara Hindi, likazoea kabla ya ofisi nyingi za leo kujengwa. Wenzetu wa Tanzania waliunda mfuko wao wa taifa wa bima ya afya kwa sheria ya 1999, ukaanza kazi 2001, na huko neno "kitita cha mafao" limekuwa la kila siku. Kitita kipya kilipotangazwa mapema mwaka 2024 na baadhi ya hospitali za binafsi zikakipinga, wananchi walijadili kitita hicho wakijua kinachobishaniwa. Sidai kwamba Tanzania imetatua matatizo ya bima. Ubishi wenyewe waonyesha sivyo. Ninachodai ni kwamba mtu anayejua jina la kitu aweza kukigombania.

Kwetu sisi istilahi bado ni vurugu. Wapo wanaoiita hati ya bima "sera ya bima", kwa sababu tu Kiingereza hutumia neno moja kwa sera ya serikali na kwa hati ya bima. Mkulima akisikia sera humjia akilini siasa, si mkataba alioutia sahihi. Kwa nini tusiseme "mkataba wa bima"? Badala ya kusaka maneno mazito ya Kiarabu au kutohoa ovyo, naomba tupendekeze semi nyepesi ambazo mtu akizisikia mara moja ataelewa: "maradhi yaliyotangulia bima", "muda wa kungoja", "ukomo wa ndani", "malipo ya mlangoni", "yasiyolipwa". Wahadhiri wetu watazikosoa, nami nitafurahi. Istilahi inayokosolewa hadharani ni bora kuliko isiyokuwapo.

Fauka ya hayo, ninalo pendekezo mahususi kwa chama chetu. Kila mwaka tunaandaa kongamano, tunaigiza tamthilia na kukariri mashairi, na ni vyema. Mwaka huu tutenge pia siku chache za kutafsiri. Wanafunzi wawili wawili wachukue mkataba mmoja wa bima unaouzwa katika eneo letu, wauandikie muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja unaojibu yale maswali matano, na mwanafunzi wa sheria na muuguzi waupitie kabla haujatoka. Muhtasari huo usiwe na nguvu za kisheria wala usimwambie mtu anunue nini. Kazi yake iwe kumwezesha kuuliza. Kisha tudai, kwa barua kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima na kwa SHA, kwamba ukurasa wa namna hiyo utolewe na mwuzaji mwenyewe, na utiwe sahihi naye pia.

Najua baadhi ya wasomi wenzangu watasema kwamba hii si kazi ya fasihi wala isimu. Nami niliwahi kufikiri hivyo, mpaka siku ile niliponyamaza mbele ya shangazi yangu. Nilirudi kwake baada ya majuma matatu na ukurasa mmoja nilioundika kwa mkono, kwa herufi kubwa kwa sababu macho yake hayaoni vizuri kama zamani. Aliusoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye "muda wa kungoja" alisimama, akausoma mstari huo tena, kisha akauliza, "Kumbe ni hivi tu? Mbona hawakuniambia hivi?"

Sikuwa na jibu. Mwaka huo alirejea kulipa mchango wake wa umma, na dawa zilipokosekana zahanatini alinunua dukani. Ule mkataba wa kampuni hakuuendeleza. Ukurasa wangu aliukunja akautia ndani ya daftari la kliniki, na majuzi aliniambia kwamba jirani yake ameuazima, kwa kuwa naye amejiwa na wakala.